Kidonda Kinachopona na Kidonda Kisichopona

Mtu akijikata na jembe shambani, damu hutoka, kisha hukauka. Baada ya siku chache ngozi mpya inaonekana kandokando, na mwishoni kinabaki kovu tu. Jambo hili tumelizoea, hata hatulishangai. Lakini ni kazi kubwa. Munganga anasafisha kidonda, anakishona na kukifunika, lakini si yeye anayekiponya. Mwili wenyewe ndio unaojiponya.

Katika somo hili tutaona jinsi mwili unavyojitengeneza upya, tena kwa nini kazi hiyo njema, isipokoma kwa wakati wake, inaweza kuzaa ugonjwa wa kansa, ambao wengine huuita saratani.

1. Mwili unajijenga kila siku

Mwili umejengwa kwa chembe ndogo sana, kama vile nyumba inavyojengwa kwa matofali. Jicho haliwezi kuziona. Munganga huziona kwa hadubini. Lakini matofali hayazai, na chembe huzaa: moja hugawanyika kuwa mbili, na mbili kuwa nne. Kwa njia hii chembe zilizochakaa hupata nyingine za kushika nafasi yake. Ngozi ya juu hubadilika yote kwa muda wa karibu mwezi mmoja. Ngozi laini iliyo ndani ya matumbo hubadilika kwa siku chache tu. Chembe nyekundu za damu huishi siku 120 hivi, kisha huondolewa na mpya huingia.

Ini linashangaza zaidi. Waganga wakikata hata nusu yake, sehemu iliyobaki, ikiwa ni nzima, hukua kwa muda wa wiki na miezi mpaka ini lipate tena ukubwa wa kulitosha mwili. Lakini si viungo vyote vyenye nguvu hiyo. Moyo na ubongo hujitengeneza kidogo sana.

2. Jinsi kidonda kinavyopona

Kazi ya kuponya ina hatua nne. Kwanza, damu huganda na kuziba mahali palipokatika. Pili, chembe nyeupe za damu, ambazo ni walinzi wa mwili, huja kupigana na vijidudu na kuondoa uchafu; ndiyo maana mahali hapo huwa pekundu, pa moto, tena huvimba. Tatu, wajenzi huja: mishipa midogo ya damu huota, nyama mpya hujaza shimo, na chembe za ngozi hugawanyika na kutambaa kutoka kando kuelekea katikati. Nne, ngozi inapokutana, wajenzi huacha kazi, na kovu hukazwa polepole.

Angalia sana hatua hii ya nne. Kuanza kazi ni jambo jema, lakini kuacha kazi ni jambo jema vilevile.

Watu wa Mwadingusha wataelewa upesi. Tangu mwaka 1930 maji ya mto Lufira yanazuiwa hapo kwa ukuta mkubwa, nayo huendesha mitambo ya umeme. Nguvu ya maji ni ile ile siku zote. Faida yake inatokana na milango inayofunguliwa na kufungwa kwa kipimo. Maji yasiyo na mlango hayawashi taa, yanabomoa tu. Ndivyo ilivyo nguvu ya kukua iliyo ndani ya mwili. Chembe hupewa amri ya kugawanyika, kisha hupewa amri ya kuacha. Wataalamu wawili, Stanley Cohen na Rita Levi-Montalcini, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1986 kwa sababu waligundua baadhi ya amri hizo za kukua. Imeonekana pia kwamba katika kansa kadhaa amri hizo hizo ndizo zisizonyamaza.

3. Kansa ni nini?

Kansa ni chembe za mwili wetu wenyewe ambazo hazisikii tena amri ya kuacha. Haikuingia kwa kurogwa, wala haikutumwa na jirani. Ndani ya kila chembe kuna maagizo, kama kitabu cha kazi yake. Chembe ikigawanyika, kitabu hicho lazima kinakiliwe. Mara nyingine kosa linaingia katika kunakili. Kwa kawaida mwili hulisahihisha, au chembe yenye kosa hufa. Lakini makosa yakijilimbikiza katika chembe moja kwa miaka mingi, chembe hiyo inaweza kuzaa nyingine nyingi bila kipimo, nazo hula nyama iliyo karibu na kusafiri mpaka mahali pengine.

Sasa utafahamu neno lenyewe. Mahali ambapo mwili unaumizwa na kujenga, unaumizwa tena na kujenga tena, miaka mingi bila kupumzika, hapo kitabu kinanakiliwa mara nyingi mno, na makosa yanapata nafasi. Munganga wa Ujerumani, Rudolf Virchow, aliona tangu mwaka 1863 kwamba kansa hupenda kutokea mahali palipoumwa muda mrefu. Na mwaka 1986 mwenzake wa Marekani, Harold Dvorak, alionyesha kwamba uvimbe wa kansa unafanana na kidonda ambacho hakimalizi kupona.

4. Mambo haya yanaonekana kwetu

*Mguuni.* Kidonda kikubwa cha mguu, chini ya goti, kimewatesa watu wengi wa nchi zenye joto. Huanza kwa mkwaruzo mdogo, vijidudu huingia, na mtu asiyekula vizuri hukosa nguvu ya kukifunga. Katika miaka ya 1950 na 1960 waganga wa hospitali ya Mulago, Kampala, waliona kwamba kansa nyingi za ngozi za wenyeji zilianzia hapo hapo, kwenye vidonda vya zamani na makovu yake. Kovu baya la moto nalo, likipasuka mara kwa mara, linaweza kufanya hivyo. Munganga Mfaransa, Jean-Nicolas Marjolin, aliandika habari za vidonda vya namna hiyo mwaka 1828, na mpaka leo vinaitwa kwa jina lake.

*Katika kibofu.* Bilharzia iko Katanga. Aina moja huweka mayai katika ukuta wa kibofu, na mtu hukojoa damu. Kibofu kinaumizwa na kujitengeneza mwaka baada ya mwaka, na mwishowe kansa inaweza kutokea. Dawa ya bilharzia ipo, nayo humezwa tu. Usikojoe wala kwenda haja majini, na mtoto akikojoa damu, mlete.

*Katika ini.* Ugonjwa wa ini unaoitwa hepatiti B unaweza kukaa mwilini miaka mingi na kulichosha ini kwa kulilazimisha kujijenga bila kukoma. Chanjo yake wapewe watoto wachanga. Tena, usile wala usimpe mtu karanga au mahindi yaliyoota ukungu, maana ukungu huo una sumu inayoleta kansa ya ini.

5. Dalili za kuangalia

Usiogope kila kidonda. Vidonda vilivyo vingi hupona, na vichache sana hugeuka kuwa kansa, tena mara nyingi baada ya miaka mingi. Lakini njoo hospitali bila kukawia ukiona moja la mambo haya:

— kidonda kimepita mwezi mmoja bila kuelekea kufunga;
— kovu la zamani limepasuka, nalo halifungi tena;
— kando za kidonda zimeinuka na kuwa ngumu, au nyama imeota kama uyoga;
— kinatoa damu kwa kuguswa kidogo, au harufu yake imekuwa mbaya kuliko zamani;
— mitoki imevimba kwenye kinena, wala haiishi.

Munganga atakata kipande kidogo ili kitazamwe kwa hadubini. Wengine hukataa, wakisema kwamba kisu kinaamsha ugonjwa. Sivyo. Kipande hicho hakiamshi kansa. Kinatuambia tu kama ipo. Kinachoua ni kungoja. Mtu akija mapema, ugonjwa huweza kukatwa wote na mahali pake kuwekwa ngozi iliyotolewa pajani, naye akarudi shambani kwa miguu yake miwili. Akija baada ya kuuficha chini ya kitambaa miaka mingi, pengine mguu hauna budi kukatwa ili aokolewe. Na akichelewa zaidi, hata kukata mguu hakutamwokoa.

Ninyi jamaa za mgonjwa, msimwache peke yake kwa sababu ya harufu, wala msimtafute mchawi. Kansa haiambukizwi kwa kumwosha mtu au kula naye. Fedha mnazompelekea mpiga ramli ni bora zilipe safari ya kuja hospitali.

6. Tusaidie mwili umalize kazi yake

Osha kidonda siku ile ile kwa sabuni na maji safi. Kifunike kwa kitambaa kilichofuliwa na kukaushwa vizuri. Usitie mavi ya ng'ombe, majivu, wala unga wa betri. Uliza habari za sindano ya pepopunda. Mtu akiungua, mwagilia mahali hapo maji safi ya baridi kwa dakika 20. Usipake mafuta wala dawa ya meno. Kovu la moto linalovuta kiungo au kupasuka lionyeshwe kwa munganga.

Mpe mgonjwa chakula cha kujenga mwili: bukari peke yake haitoshi, aongezewe samaki, maharagwe, karanga nzuri, mayai, mboga na matunda. Mwenye kidonda cha mguu apumzike na kuuinua mguu. Na kama kidonda hakiponi, apimwe pia sukari katika damu.

Maswali ya kujifunza

1. Ni nani anayeponya kidonda, munganga au mwili? Eleza.
2. Taja hatua nne za kupona. Kwa nini hatua ya mwisho ni ya lazima?
3. Kwa nini kidonda cha miaka mingi kina hatari kuliko kidonda kipya?
4. Je, katika nyumba yako au kwa jirani yako kuna mtu anayeficha kidonda cha zamani? Utamwambia nini wiki hii?