ASH, PIKACHU NA PANYA WA MOROGORO



Nina ndugu mdogo nyumbani kwetu Mashimoni, yuko gredi ya tatu. Jumamosi moja wakati wa likizo ya Agosti, mama alifungua mkebe mtupu wa mafuta ya kupikia ili atie unga. Lo! Ndani mlikuwa na panya! Mzima, mweusi, macho yamemtoka pima! Mama alipiga ukemi uliosikika hadi ng'ambo ya reli. Majirani wakaja mbio na ndoo za maji wakidhani ni moto. Kumbe ni kazi ya mtoto wetu! Alikuwa amemnasa panya huyo nyuma ya choo, akatoboa kifuniko cha mkebe ili apate hewa, na akampa jina la Pikachu. Alipoulizwa sababu, alijibu bila wasiwasi, "Mama, si mimi nataka kuwa mkufunzi kama Ash."

Panya alifukuzwa, mkebe ukatupwa, na mtoto akaoshwa mikono kwa sabuni mara tatu. Niliposimulia kisa hiki chamani, kicheko kilikuwa kikubwa. Baadaye ubishi ukazuka. Wengine walisema katuni zinawapotosha watoto, eti hakuna mtu awezaye kuwa rafiki wa panya. Wengine wakapinga. Mwalimu mlezi wetu alitusikiliza, kisha akanigeukia na kusema, "Haya basi, nenda ukatafute ukweli, halafu utuandikie." Nami sikulaza damu. Niliyoyapata ndiyo haya.

ASH NI NANI?

Katuni yenyewe huitwa Pokémon, jina lililofupishwa kutoka maneno yenye maana ya madubwana ya mfukoni. Asili yake ni Japani. Mbunifu wake ni Satoshi Tajiri, aliyezaliwa mwaka wa 1965 na kukulia Machida, viungani mwa jiji la Tokyo. Utotoni alipenda mno kukusanya wadudu vichakani na kando ya madimbwi. Jiji lilipopanuka, majumba na barabara vikafunika vichaka hivyo. Alipokuwa mtu mzima, alibuni mchezo wa kuchezwa kwenye mashine ndogo ya mkononi, ambamo mtoto husafiri akitafuta viumbe wa ajabu, akawanasa na kuwalea. Mchezo huo ulianza kuuzwa Japani tarehe 27 Februari 1996. Katuni ilianza kuonyeshwa kwenye runinga huko tarehe 1 Aprili 1997.

Ash ni kijana wa miaka 10. Kwa Kijapani jina lake ni Satoshi, yaani jina la mbunifu mwenyewe. Siku ya kwenda kwa profesa kuchagua kiumbe wake wa kwanza, alipitiwa na usingizi. Mchelewa na mwana kulia hufika na maji ya moto! Viumbe watatu waliokuwa wakigombaniwa walikwisha chukuliwa. Alibaki mmoja tu, Pikachu, kiumbe wa manjano mwenye umeme mashavuni. Na ajabu ni kwamba katika orodha ya viumbe wa Pokémon, Pikachu huwekwa katika aina ya panya. Kwa hiyo ndugu yangu hakukosea sana!

Kwa desturi, viumbe hao hukaa ndani ya mpira mdogo hadi mkufunzi awaite. Pikachu alikataa kata kata kuingia mpirani. Ash alivaa glavu za mpira ili asirushwe na umeme, akamfunga kamba na kumkokota njiani. Pikachu hakumsikiliza hata kidogo. Baadaye Ash alirusha jiwe likampata ndege mkali, na kundi zima la ndege likawavamia. Pikachu aliumizwa vibaya. Hapo ndipo Ash aliposimama kati yake na ndege wale, akitanua mikono, tayari kuumia yeye. Pikachu alipoona hivyo, alimrukia begani na kuachilia radi iliyowatawanya ndege wote.

Kamba haikufanya kazi. Glavu nazo hazikufanya kazi. Kilichofanya kazi ni mkufunzi kuonyesha kwamba maisha ya mwenzake yana thamani kwake. Tangu siku hiyo Pikachu hakuhitaji mpira, makao yake yakawa begani. Wawili hao waliendelea pamoja hadi Ash akawa bingwa wa dunia yao mwaka wa 2022, na kisa chao kikafungwa Japani tarehe 24 Machi 2023. Katuni inaendelea, lakini wahusika wakuu ni wengine. Tafadhali, msomaji, ishike tarehe hiyo ya 24 Machi, tutairudia.

JE, MAMBO HAYA YAPO DUNIANI?

Yapo, na hayako mbali. Hapa hapa Kenya, Waborana wa upande wa Marsabit hutafuta asali wakisaidiwa na ndege mdogo wa porini. Mtu hupiga mluzi, ndege huja akilia, kisha huruka mti hadi mti akimwongoza hadi kwenye kiota cha nyuki. Mtu huchukua asali, ndege naye hula nta na majana ya nyuki. Mtaalamu wetu Mkenya, Hussein Isack, pamoja na mwenzake Heinz-Ulrich Reyer, walichunguza jambo hilo na kulichapisha mwaka wa 1989. Waligundua kwamba mtu akitafuta peke yake hutumia wastani wa karibu saa 9 kupata kiota kimoja, lakini akiongozwa na ndege hutumia kama saa 3 tu. Hakuna mtu aliyemfuga ndege huyo wala kumfungia tunduni. Huyo ni Pikachu asiyeingia mpirani!

Lakini ubishi wetu ulikuwa juu ya panya. Kwa hivyo twendeni Morogoro, Tanzania.

PANYA BUKU AKIENDA SHULE

Katika Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, mjini Morogoro, kuna shirika liitwalo APOPO. Lilianzishwa na Mbelgiji Bart Weetjens, ambaye tangu utotoni alifuga panya na wanyama wengine wadogo. Alijua kwamba panya ana pua kali na ni mwepesi wa kujifunza. Kazi ilianza Ubelgiji mwaka wa 1997, na mwaka wa 2000 ikahamishiwa Morogoro. Mwanafunzi wao si panya huyu wa mitaro yetu. Ni panya buku, panya mkubwa wa Afrika, ambaye anaweza kupita kilo moja na kuishi hadi miaka 8. Huzaliwa na kutunzwa pale pale kituoni.

Masomo yake huanza akiwa na umri wa kama wiki 4 au 5, macho yakiwa yamefunguka tu. Wakufunzi, wengi wao Watanzania, humshika kwa upole kila siku. Hukaa mabegani mwao, hupanda gari nao na kuzoea kelele, ili asiwaogope binadamu. Mnaona? Begani, kama Pikachu!

Somo la pili ni la mlio. Mkufunzi ana kidude kidogo kinacholia "tik". Kila kikilia, panya hupewa chakula kitamu, kama vile ndizi au njugu. Punde si punde panya hutambua kuwa "tik" maana yake ni "umepatia, njoo upokee haki yako."

Somo la tatu ni la harufu. Panya huonyeshwa harufu anayotakiwa kuitafuta, na akiituliza pua juu yake kwa muda wa kama sekunde 3, "tik", anapewa ndizi. Akitulia juu ya harufu nyingine, hapati kitu. Hachapwi, hafokewi, hanyimwi maji. Anajaribu tena. Kazi kubwa hapa ni ya mkufunzi, kwa sababu akibonyeza kidude chake mahali pasipofaa, atakuwa amemfundisha mwanafunzi wake uongo. Na akibonyeza asitoe ndizi, panya hatamwamini tena. Masomo yote huchukua kama miezi 9, kisha kuna mtihani. Nao si wa kuibia majibu, jamani!

KAZI YA KWANZA: MABOMU

Katika nchi zilizopigana vita, mabomu yaliyotegwa ardhini hubaki miaka mingi yakiua wakulima na watoto. Panya buku ni mwepesi, akiyakanyaga hayalipuki. Hufungwa mkanda mwilini unaopita kwenye kamba, wakufunzi wawili wakisimama huku na huku, naye hutembea kati yao akinusa. Akipata harufu ya baruti hukwaruza ardhi. Mtu mwenye chombo cha kutambua chuma husimama kwenye kila msumari na kila kifuniko cha soda. Panya hana habari na msumari, yeye hunusa baruti tu. Ndiyo maana eneo la ukubwa wa kiwanja cha tenisi humchukua kama nusu saa, ilhali mtu mwenye chombo huweza kuchukua hadi siku 4.

Panya hawa walisaidia kazi hiyo nchini Msumbiji, nchi iliyotangazwa mwaka wa 2015 kuwa imeondolewa mabomu ya kutegwa. Aliyepata sifa zaidi ni Magawa, aliyezaliwa Tanzania mwaka wa 2013 na kupelekwa Kambodia mwaka wa 2016. Alitambua zaidi ya mabomu ya kutegwa na vilipuzi vingine 100. Septemba 2020 shirika la Uingereza la kutunza wanyama, PDSA, lilimtuza nishani ya dhahabu, na hakuna panya aliyewahi kuipata kabla yake. Alistaafu mwaka wa 2021 na kufa Januari 2022 akiwa na miaka 8. Panya mwingine kutoka Tanzania, Ronin, alivunja rekodi ya dunia mwaka wa 2025 kwa kutambua mabomu ya kutegwa 109.

KAZI YA PILI: MAKOHOZI

Hapa, wapenzi wasomaji, ndipo habari hii iliponigusa mwenyewe.

Mjomba wangu, sisi humwita anko, aliugua kikohozi kirefu. Tulikuwa tukilala naye katika chumba kimoja cha futi kumi kwa kumi, watu watano. Alienda mahali fulani akatoa makohozi, akaambiwa hana kitu. Akarudi nyumbani na dawa ya kikohozi. Usiku tulikuwa tukimsikia akikohoa, na mama akijifanya amelala. Miezi miwili baadaye, alipokuwa amekonda kama uzi, alipimwa tena kwingine. Ilikuwa tibii, yaani kifua kikuu. Tukapimwa sote nyumbani, na kwa rehema za Mungu tukaonekana wazima. Baadhi ya majirani waliacha kuingia kwetu. Anko alimeza dawa kila siku kwa miezi 6 bila kuruka hata siku moja, na akapona kabisa. Leo anachoma mahindi pale njiani, na wale wale majirani ndio wateja wake.

Si kwamba kila apimaye ni mzembe. Kuangalia makohozi kwa hadubini ni kazi ngumu, na vijidudu vikiwa vichache hupita bila kuonekana. Ndipo panya wa Morogoro wanapoingia. Tangu mwaka wa 2007 APOPO imekuwa ikiwatumia nchini Tanzania kunusa makohozi, kwani vijidudu vya tibii vina harufu yake. Makohozi yaliyokwisha pimwa katika zahanati huletwa kituoni, huchemshwa kwanza ili vijidudu vife, kisha hupangwa chini ya matundu katika kizimba. Katikati yake huwekwa mengine yanayojulikana tayari kuwa na tibii. Panya akitulia hapo, "tik", anapewa uji wa ndizi kwa bomba la sindano. Akitulia juu ya makohozi yaliyosemekana kuwa hayana kitu, wataalamu huyapima upya maabarani, na ugonjwa ukithibitishwa zahanati huambiwa imtafute mgonjwa. Panya mmoja hupitia makohozi 100 kwa dakika kama 20. Mtu na hadubini yake huhitaji kama siku 4.

Niliposoma hayo nilimfikiria anko. Katika ile miezi miwili, huenda panya angemtambua.

TAHADHARI

Ndugu zangu, msitoke hapa mkaenda kutega panya mitaroni! Panya wa mtaani hubeba magonjwa, na huuma. Vunjeni makazi yake, funikeni chakula. Na aliye na kikohozi kwa majuma mawili au zaidi, asione haya. Aende akapimwe. Dawa za tibii hutolewa bure katika hospitali za serikali, na ukizimeza zote utapona. Wakikwambia huna kitu na bado unakohoa, rudi tena!

TAMATI

Je, ubishi wetu ulishindwa na nani? Naona pande zote zilipata kidogo. Ni kweli hakuna radi mashavuni mwa panya. Lakini si kweli kwamba binadamu na mnyama hawawezi kuwa wenzi wa kazi, mradi mkufunzi ajue kipaji cha mnyama wake, asimkokote kwa kamba, na asimvunjie ahadi hata ya kipande cha ndizi.

Ile tarehe niliyowaomba mwishike, 24 Machi, ndiyo Siku ya Kifua Kikuu Duniani, kwa kuwa siku hiyo mwaka wa 1882 daktari Robert Koch alitangaza kuwa amekigundua kijidudu cha tibii. Ni sadfa tu kwamba Pikachu na Ash waliagana nasi siku iyo hiyo. Mimi naona ni sadfa nzuri.

Watu husikia jina Mashimoni wakacheka, wakadhani ni mahali pa panya tu. Sawa, wacheke. Panya buku naye hutoka shimoni, na ana nishani ya dhahabu.

Ndugu yangu ameniomba nimwulizie kama Morogoro wanaajiri. Nimemwambia amalize shule kwanza. Kalamu naiweka chini. Kwaherini!