Herufi Zilizokuzwa: Karatasi, Kioo na Macho ya Msomaji

Mjomba wangu, mwalimu mstaafu wa historia, hajawahi kunipa zawadi isiyokuwa kitabu. Nyumbani kwake vitabu vimejaa sebuleni, chumbani, hata juu ya kabati la vyombo, na kila kimoja kimeandikwa jina lake na tarehe ya kununuliwa katika ukurasa wa kwanza. Ndiyo maana nilishangaa, nilipomtembelea miaka michache iliyopita, kumkuta barazani na kishikwambi alicholetewa na binti yake, akisoma riwaya ambayo nakala yake ya karatasi ilikuwa rafuni, hatua chache tu kutoka alipoketi.

"Shikamoo, mjomba. Umeiacha karatasi?" nilimtania.

"Marahaba, mpwa wangu. Karatasi ndiyo iliyoniacha mimi," akajibu. "Wachapaji nao siku hizi wanabana mno herufi."

Nilicheka. Sikupaswa kucheka, maana kazi yangu ya kila siku ni katika kliniki ya macho. Nakala ile ya rafuni ilikuwa na umri wa zaidi ya miaka 20, naye alikuwa ameisoma mara nyingi bila taabu. Herufi zake hazikuwa zimepungua hata kidogo.

Nitarejea kwake. Kabla ya hapo, inafaa kulijibu swali ambalo wagonjwa na watumishi wenzangu huniuliza kila wanapogundua kwamba mimi ni mpenzi wa vitabu: kipi ni salama kwa macho, kitabu cha karatasi au cha kielektroniki?

Jibu fupi ni kwamba kusoma hakupofushi, iwe kwenye karatasi au kwenye kioo. Kinachotokea ni uchovu. Mtu anayesoma kwa makini hupepesa kope mara chache kuliko kawaida, machozi yanayolainisha jicho hukauka, na misuli inayorekebisha lenzi kwa ajili ya kuona karibu hukaa imekaza kwa muda mrefu. Hali hii humpata pia msomaji wa karatasi, ijapokuwa mwenye simu huipata zaidi kwa sababu huishika karibu mno na uso na herufi zake ni ndogo. Dawa yake haina gharama: kila baada ya dakika 20, inua macho utazame kitu kilicho umbali wa mita sita hivi kwa sekunde 20, kisha endelea.

Hata hivyo, si haki kuviweka vifaa vyote vya kielektroniki katika kapu moja. Simu na kishikwambi hutoa nuru yao wenyewe na kuielekeza machoni. Vifaa vilivyotengenezwa mahususi kwa kusomea, kama Kindle iliyoanza kuuzwa mwaka 2007, hutumia wino wa kielektroniki. Ndani ya kioo chake mna vifuko vidogo mno, visivyoonekana kwa macho, vyenye chembechembe nyeupe na nyeusi ambazo chaji zake za umeme ni tofauti. Umeme ukipita, nyeusi hupanda juu mahali panapotakiwa herufi na nyeupe hupanda mahali penginepo. Kisha chembe hizo hutulia zilipo bila kuhitaji umeme tena, hadi msomaji afungue ukurasa mwingine. Kioo cha namna hiyo huonekana kwa kuakisi mwanga wa mazingira, kama karatasi inavyofanya. Barazani saa saba mchana, jua likiwa kali, simu hugeuka kioo cha kujitazamia. Kifaa cha wino hapo ndipo kinaposomeka vizuri zaidi.

Usiku ni habari nyingine, na hapa mimi nina upande. Watafiti wa hospitali ya Brigham and Women's mjini Boston, Marekani, walichapisha mwaka 2015 utafiti uliowalinganisha watu 12 waliosoma kabla ya kulala: siku tano kwa kifaa chenye kutoa nuru, siku tano kwa kitabu cha karatasi. Waliposoma kwa kifaa walichelewa kupata usingizi kwa takriban dakika 10, mwili ulitoa kiasi kidogo zaidi cha melatonini, homoni inayoujulisha mwili kwamba ni usiku, na saa ya mwili ilichelewa kwa karibu saa moja na nusu. Ni kweli kwamba watu 12 ni wachache, na kwamba walisoma saa nne mfululizo katika chumba chenye mwanga hafifu huku kioo kikiwa kimewashwa hadi mwisho. Si kila msomaji hufanya hivyo. Lakini muuguzi anayetoka zamu ya usiku leo na kuingia ya asubuhi kesho kutwa hana usingizi wa kuchezea. Nami kitandani husoma karatasi, taa ikiwa nyuma ya bega.

Kwa wanaosoma ili wakumbuke, yaani wanafunzi na watumishi wanaojiandaa kwa mitihani, upo ushahidi mzito zaidi. Mwaka 2018 Pablo Delgado na wenzake walijumuisha matokeo ya tafiti 54 zenye washiriki zaidi ya 170,000. Walikuta kwamba watu huelewa vyema zaidi wanaposoma karatasi, hasa maandishi ya maarifa na hasa wanapobanwa na muda. Kwa hadithi, tofauti hiyo haikuonekana. Tofauti yenyewe si kubwa sana, lakini inatosha kunifanya nimshauri mwanafunzi achapishe ile sura ngumu ya famakolojia, kisha riwaya aisome popote apendapo.

Lakini mtu huchagua kati ya vitu alivyonavyo. Mtumishi wa zahanati ya mbali hataletewa majarida ya tiba ya karatasi. Hinari, mpango ulioanzishwa na Shirika la Afya Duniani pamoja na wachapishaji mwaka 2002, humfungulia maelfu ya majarida kupitia intaneti bure au kwa gharama ndogo, mradi taasisi yake imejiandikisha. Kitabu cha David Werner ambacho Waswahili wanakijua kwa jina la Mahali Pasipo na Daktari hupatikana pia kwa kupakuliwa. Kwa upande wa fasihi, hali ni kinyume. Abdulrazak Gurnah alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2021, na mwaka uliofuata riwaya yake Paradise ikatoka kwa Kiswahili, ikiitwa Peponi, kwa tafsiri ya Ida Hadjivayanis. Mimi niliinunua kwa karatasi, nikaiazima kwa watu wanne, na imerudi ikiwa na doa la chai ukurasa wa katikati. Kitabu cha kielektroniki hakiazimwi kwa urahisi namna hiyo. Tena umiliki wake una mashaka: mwaka 2009 Amazon ilifuta nakala za riwaya ya George Orwell iitwayo 1984 kutoka kwenye vifaa vya wateja waliokwisha kuilipia, kwa kuwa aliyeiuza hakuwa na haki ya kuiuza. Fedha zilirudishwa, lakini kitabu kilikuwa kimetoweka rafuni. (Kwetu pwani mchwa na unyevu hufanya kazi hiyo hiyo, tena bila kurudisha fedha.)

Na wako wagonjwa ambao kwao hoja hizi zote ni anasa. Mtu anayesafishwa damu kwa mashine hukaa kitini takriban saa nne, mara tatu kwa juma, na mkono wenye sindano hautakiwi kusogezwa. Jaribu kufungua kurasa za kitabu kinene kwa mkono mmoja. Kwa mgonjwa huyo, na kwa mwenye baridi yabisi ya vidole, kifaa chepesi kinachogeuza ukurasa kwa kuguswa ndicho kitabu. Kwa asiyeona kabisa kuna vitabu vya kusikiliza na vya nukta nundu. Mkataba wa Marrakesh wa mwaka 2013, ambao Kenya, Uganda na Tanzania zimejiunga nao, unaruhusu vitabu kutolewa katika maumbo hayo bila kuomba idhini ya mwenye hakimiliki kila mara.

Sasa nirudi barazani kwa mjomba. Sifa kuu ya kitabu cha kielektroniki ni kwamba herufi zake hukuzwa. Ndiyo sifa iliyomrudishia mjomba usomaji wake, na ndiyo iliyomficha ugonjwa. Kila macho yalipofifia, kidole chake kiliongeza ukubwa wa herufi, naye akaendelea kusoma bila kulalamika. Karatasi ingemkatalia mapema, ingemlazimisha kuuliza. Siku ile nilichukua kishikwambi chake nikakuta ukurasa mzima una maneno yasiyofika 40. Nilimwomba afunike jicho la kulia kwa kiganja. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Hili la kushoto lina ukungu. Tangu lini?"

Mjomba ana kisukari cha miaka mingi, na hakuwa amepimwa macho kwa miaka mitatu. Alikutwa na mtoto wa jicho pande zote mbili, na nyuma yake, kwenye retina ya jicho la kushoto, madhara ya kisukari. Mtoto wa jicho uliondolewa kwa upasuaji. Retina ilitibiwa kwa leza, lakini tiba hiyo huzuia hasara isiendelee; sehemu iliyokwisha kuharibika haikurudi.

Tangu hapo, mgonjwa wangu mwenye simu au kishikwambi humuuliza swali ambalo halimo kwenye fomu yetu: mwaka huu umekuza herufi mara ngapi? Ninawaomba wenzangu wa kliniki za kisukari na shinikizo la damu waliulize pia, kwani huchukua nusu dakika. Mwenye kisukari apimwe macho angalau mara moja kwa mwaka hata kama anaona vizuri. Mtu wa miaka 40 na kuendelea anayeanza kusogeza kitabu mbali na uso huenda anahitaji miwani ya kusomea tu, lakini aende apimwe kwanza, kwa sababu shinikizo la jicho haliumi wala halipigi hodi. Na nyumbani kila mmoja anaweza kufunika jicho moja, kisha la pili, mbele ya ukurasa ule ule wa karatasi, kwa umbali ule ule.

Mjomba sasa husoma karatasi mchana, akiwa na miwani mpya, na jicho la kulia likifanya sehemu kubwa ya kazi. Kishikwambi hakukiacha, hukisafiria. Peponi niliyomwazima bado yuko nayo. Tarehe ya kupimwa tena ameiandika kwa kalamu katika ukurasa wa kwanza, chini ya jina langu.