BAADA YA DARASA LA 12: JITAYARISHENI MAPEMA



Wengi hungoja matokeo ndipo waulize habari za chuo, na wanakuta muda umekwisha. Anzeni sasa, kabla ya mtihani.

1. JINA. Jina la kwenye mtihani liwe sawa, herufi kwa herufi, na la kwenye karatasi zako za ukimbizi. "Kabwe" hapa na "Kabue" pale huleta mashaka. Rekebisha kabla ya kuandikishwa kwa mtihani.

2. ALAMA. Nchini Zambia, 1 ndiyo alama ya juu na 9 ya chini. Chuo Kikuu cha Zambia, Lusaka, hutaka masomo 5 yenye alama 6 au bora zaidi. Ukizikosa, uliza vyuo vya ufundi vilivyosajiliwa na TEVETA.

3. DIPLOMA YA KONGO. Usiitupe. ZAQA ndiyo mamlaka inayopima vyeti vya nje.

4. ADA. Msaada wa DAFI, unaotolewa na serikali ya Ujerumani kupitia HCR, ulianza mwaka 1992. Nafasi ni chache, kwa hiyo usiutegemee huo peke yake.

5. KIBALI. Mkimbizi hatoki makazini kwenda kusoma bila kibali. Omba mapema kwa Ofisi ya Kamishna wa Wakimbizi.

Wazazi, binti aliyefaulu asibaki nyumbani kwa kuwa kaka yake anasoma. Naye aombe nafasi.

Vyeti vyote viwekeni pamoja ndani ya plastiki. Mvua haichagui.