Kupona Saratani si Kurejea Uzima

Kupona maradhi ni jambo moja. Kurejea hali ya awali ni jambo jingine. Tofauti hiyo ndiyo kiini cha rufaa za wanajeshi wa zamani wa Marekani waliougua saratani kutokana na utumishi wao, wakiwemo waliopigana Vietnam na kukumbana na sumu ya kuua mimea iitwayo Agent Orange.

Sheria ya nchi hiyo humpa mgonjwa wa namna hii kiwango cha ulemavu cha asilimia 100 maadamu saratani ingali hai. Miezi 6 baada ya matibabu kukoma, hupimwa upya. Iwapo saratani haikurudi, hufidiwa kwa athari zilizosalia tu. Kwa saratani ya tezi dume, huangaliwa madhara ya mkojo au ya figo. Asiyeweza kuzuia mkojo, akabadilisha pedi zaidi ya mara 4 kwa siku, hupata asilimia 60. Mara 2 hadi 4, asilimia 40. Chini ya hapo, 20.

Kupunguziwa kwenyewe si dhuluma. Dhuluma huingia pale faili inaposema "amepona" ilhali mwenyewe halali usiku. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Lakini huyu yu hai, na akiona haya kumweleza daktari, ukimya wake utahesabiwa kuwa afya.

Kabla ya malipo kupunguzwa, serikali hulazimika kumwandikia barua ya kusudio. Ana siku 30 za kuomba kusikilizwa na siku 60 za kuleta ushahidi. Uamuzi ukitolewa, ana mwaka mmoja wa kuupinga: alete ushahidi mpya, aombe afisa wa ngazi ya juu aupitie, au akate rufaa mbele ya Bodi.

Katika njia hizo, kutaja ushujaa wa vitani hakutoshi. Kinachohitajika ni hesabu ya pedi, idadi ya safari za msalani, cheti cha daktari na maelezo ya mke anayeyashuhudia hayo kila siku.

Basi mwalimu anapofundisha barua rasmi, na mwanafunzi anapoilalamikia, wakumbuke kwamba tarehe iliyosomwa vyema na jambo lililoelezwa waziwazi huweza siku moja kuwa ngao ya mnyonge.