SWALI KWA MHESHIMIWA WAZIRI

Waswahili husema kuuliza si ujinga. Nami naongeza kwamba kuulizwa si kuonewa, hasa kwa mtu aliyekabidhiwa mali ya umma. Mpenzi msomaji, katika makala haya nitaeleza jinsi wabunge wanavyowauliza mawaziri maswali ili serikali iwajibike. Mfano wangu ni jimbo la Ontario, nchini Kanada. Nimelichagua kwa sababu mbili. Kwanza, mawaziri wa huko ninaowazungumzia ni wa jimbo wala si wa taifa, kwa hivyo wanakaribiana na hawa wetu tunaowaita mawaziri wa kaunti. Pili, kati ya 2022 na 2023 kulitokea kisa huko kinachoonyesha nguvu ya swali na pia udhaifu wake.

JIMBO NA MAWAZIRI WAKE

Kanada ina majimbo 10. Katiba yao ya 1867 iligawa kazi baina ya serikali kuu iliyoko Ottawa na serikali za majimbo. Jeshi na posta ni mambo ya Ottawa. Hospitali, shule na mabaraza ya miji ni mambo ya jimbo. Kwa hivyo mwananchi wa Ontario akikosa kitanda hospitalini, au mtoto wake akikosa mwalimu, wa kuulizwa ni waziri wa jimbo.

Usije ukafikiri kwamba jimbo la namna hii ni sawa na ile mikoa minane tuliyokuwa nayo hapa Kenya kabla ya kaunti kuanza kazi mwaka wa 2013. Mkoa wetu uliongozwa na mkuu wa mkoa aliyeteuliwa na Rais, wala haukuwa na bunge. Majimbo yenye mabaraza ya kuchaguliwa yalikuwamo katika katiba yetu ya uhuru ya 1963, lakini hayakudumu. Ontario, yenye watu zaidi ya milioni 14, ina bunge lake jijini Toronto lenye viti 124. Chama chenye wabunge wengi huunda serikali, na kiongozi wake huwa Waziri Mkuu wa jimbo. Yeye huwachagua mawaziri kutoka miongoni mwa wabunge.

Hapo ndipo penye siri. Kwa kuwa waziri ni mbunge, anaketi ukumbini humo humo pamoja na wale wanaomchunguza. Hawezi kusema ati barua ya mwaliko haikumfikia.

KIPINDI CHA MASWALI

Bunge la Ontario linapokuwa na vikao, kwa desturi hukutana Jumatatu hadi Alhamisi. Asubuhi kuna saa moja nzima iliyotengwa kwa maswali. Kiongozi wa upinzani ndiye anayeanza. Mbunge huuliza kwa muda usiozidi dakika moja, na waziri naye hujibu kwa muda kama huo. Kisha huja swali la nyongeza.

Swali la nyongeza ndilo lenye meno. Swali la kwanza waziri anaweza kulikisia, kwani amesoma magazeti asubuhi na maofisa wake wamemwandalia majibu. Lakini maswali haya hayapelekwi kwake mapema. Mwulizaji mwerevu husikiliza jibu, akaona pale palipovuja, akatia kidole papo hapo. Wenzangu wa mjadala wananielewa vizuri!

Sasa basi, je, waziri analazimishwa kujibu? La. Anaweza kumpisha waziri mwenzake anayehusika, au akasema atalichunguza jambo hilo na kuleta jibu siku nyingine. Anaweza pia kupiga chenga. Unamwuliza kuhusu hospitali moja isiyo na wauguzi, naye anakutajia mabilioni ambayo serikali yake imetumia. Spika husimamia muda na nidhamu, lakini hana uwezo wa kumwambia waziri, "Jibu lako ni bovu, rudia." Na mbunge akimwita waziri mwongo, Spika atamwamuru ayafute matamshi yake. Akikaidi, anatolewa nje.

Wabunge wa chama kinachotawala nao hupewa nafasi ya kuuliza. Mara nyingi maswali yao ni matamu kama halua: "Je, Mheshimiwa Waziri anaweza kulieleza Bunge jinsi serikali yetu inavyowasaidia wakulima?" Hilo si swali, ni kumkaribisha waziri ajisifu.

Njia nyingine zipo. Mbunge anaweza kuuliza kwa maandishi, na waziri hupewa siku 24 za vikao kujibu. Njia hiyo hufaa kwa mambo ya hesabu na takwimu. Asiporidhika na jibu alilopewa ukumbini, mbunge anaweza kutoa taarifa kwamba atalifufua jambo hilo mwisho wa kikao. Hapo hupewa dakika tano za kueleza, na upande wa serikali dakika tano za kujibu. Tena kuna kamati zinazopekua matumizi ya fedha, na ile ya hesabu za umma huongozwa na mbunge wa upinzani, ili fisi asilinde bucha.

KISA CHA UKANDA WA KIJANI

Kulizunguka eneo la Toronto kuna mashamba, misitu na vijito ambavyo tangu 2005 vimelindwa kwa sheria visigeuzwe kuwa mitaa ya nyumba. Eneo hilo huitwa Ukanda wa Kijani, na lina takriban ekari milioni mbili. Mwaka wa 2018, Doug Ford aliahidi kwamba hataligusa, kisha akawa Waziri Mkuu wa jimbo.

Novemba 2022 mambo yaligeuka. Serikali yake ilitangaza kwamba itatoa sehemu 15, jumla ya ekari 7,400 hivi, kutoka katika ulinzi huo ili nyumba 50,000 zijengwe. Ilisema itaongeza ardhi nyingine mahali pengine, na kwamba watu walihitaji makao. Ni kweli, nyumba zilikuwa ghali mno.

Wapinzani wakaanza kuuliza. Sehemu hizi 15 zilichaguliwa na nani? Mbona baadhi yake zilinunuliwa muda mfupi tu kabla ya tangazo? Kuna mtu aliyedokezewa? Waziri wa nyumba, Steve Clark, alikana kwamba kuna aliyedokezewa. Swali likarudi, jibu likawa lile lile. Mtu aliyekuwa akisikiliza siku zile angeweza kukata tamaa na kusema kipindi cha maswali ni mchezo wa kuigiza.

Lakini njia ya mwongo ni fupi, na hata asiyesema uongo, kama hakutaka kujua kilichokuwa kikifanyika ofisini mwake, njia yake pia si ndefu. Waandishi wa habari walichimba. Mbunge wa upinzani Marit Stiles, ambaye baadaye alikuwa kiongozi wa upinzani, alimpelekea malalamiko Kamishna wa Maadili wa Bunge. Viongozi wa vyama vya upinzani nao walimwomba Mkaguzi Mkuu achunguze.

Tarehe 9 Agosti 2023 Mkaguzi Mkuu, Bonnie Lysyk, alitoa ripoti. Ilionyesha kwamba uchaguzi wa ardhi ile haukuwa wa haki wala wa uwazi. Sehemu 14 kati ya zile 15 zilipendekezwa na mkuu wa wafanyakazi katika ofisi ya waziri, na wenye ardhi wangeweza kuona thamani yake ikipanda kwa zaidi ya dola za Kanada bilioni 8.3. Tarehe 30 Agosti, Kamishna wa Maadili, David Wake, aliamua kwamba waziri alivunja sheria ya maadili ya wabunge kwa kutosimamia ofisi yake. Clark alijiuzulu tarehe 4 Septemba. Tarehe 21 mwezi huo huo Ford aliomba radhi na kusema ardhi itarudishwa. Kabla ya mwaka kwisha, bunge lilipitisha sheria ya kuirudisha.

SWALI LINA FAIDA GANI BASI?

Wengi watasema kwamba aliyeokoa mashamba yale ni Mkaguzi Mkuu, si swali la bungeni. Naafiki nusu tu. Mkaguzi alikuwa na uwezo wa kudai makaratasi na kuwahoji watu, uwezo ambao mbunge mmoja hana. Hata hivyo, kuna kazi ambayo swali liliifanya kabla yake.

Kila neno linalosemwa katika kipindi cha maswali huandikwa katika kumbukumbu rasmi za bunge, yaani Hansadi. Waziri akishasema "hakuna aliyedokezewa", hawezi tena kulimeza neno hilo. Linakaa pale likingoja. Ripoti inapotoka, mwananchi anaweka karatasi mbili kando kwa kando: waziri alisema nini na ukweli ulikuwa upi. Kama asingeulizwa, angekuwa na nafasi ya kudai kwamba hakuna aliyetaka kujua. Kwa hivyo, ndugu msomaji, thamani ya swali haimo katika jibu peke yake. Imo katika kumfanya mwenye mamlaka aseme jambo hadharani, kwa jina lake, siku inayojulikana.

Sitaki kutia chumvi. Juni 2024 Clark alirudishwa katika baraza la mawaziri kwa wadhifa mwingine, na Februari 2025 chama cha Ford kilishinda uchaguzi tena. Swali haliangushi serikali, na kwa kweli si kazi yake. Hiyo ni kazi ya mpiga kura, na yeye hupima mambo mengi. Swali humpa tu kipimo kilicho sawa.

NA HUKU KWETU?

Hapa Kenya mawaziri walikuwa wabunge na walijibu maswali bungeni hadi katiba ya 2010 ilipobadilisha utaratibu. Waziri wa sasa haruhusiwi kuwa mbunge. Kifungu cha 153 kinamtaka afike mbele ya kamati ya bunge anapoitwa. Tangu 2023 Bunge la Taifa na Seneti zimebadilisha kanuni zao ili mawaziri waje kujibu ukumbini pia.

Katika kaunti zetu 47 mambo ni hayo hayo kwa udogo wake. Zahanati, shule za chekechea, vyuo vya ufundi vya vijijini na barabara za mashinani ni kazi ya kaunti. Sisi wa shule ya kutwa tunazijua barabara hizo asubuhi na jioni, masika na kiangazi. Waziri wa kaunti haketi katika bunge la kaunti, lakini kifungu cha 195 kinalipa bunge hilo uwezo wa kumwita mtu yeyote aje atoe ushahidi au habari, kama vile Mahakama Kuu inavyoweza kumwita. Nacho kifungu cha 196 kinasema vikao vyake viwe wazi kwa umma.

Je, mwakilishi wa wadi yenu ameuliza swali gani mwaka huu? Alijibiwa nini? Aliuliza la nyongeza, au alishukuru akaketi? Wengi wetu tunajua rangi ya gari lake kuliko tunavyojua maswali yake. Mimi napendekeza chama chetu cha Kiswahili, kwa idhini ya walimu, kiende siku moja kuketi katika jukwaa la wageni la bunge la kaunti na daftari mkononi. Tuandike swali upande mmoja na jibu upande wa pili, kisha tuyasome baada ya mwaka mmoja. Baada ya miaka miwili wengi wetu tutakuwa na vitambulisho na kura. Ni vyema tufike hapo tukiwa na daftari lililojaa, maana asiyeuliza hanalo ajifunzalo.

Kwa hayo machache, naweka kalamu chini.