Binti yako anacheza balo? Soma hii kwanza

Ndugu msomaji, mto Lualaba unaanza kule kwenu Katanga. Unapita karibu na migodi ya Kolwezi, unashuka Kindu, halafu unafika hapa kwetu Ubundu. Hapa mashua zote zinasimama. Mbele kuna maporomoko saba ya Boyoma, na hakuna mashua inayoweza kuyapita. Ndiyo sababu tangu mwaka 1906 kuna reli ya kilometa karibu 125 toka Ubundu mpaka Kisangani. Msafiri anatoka majini, anazunguka kwa reli, kisha anapanda mashua ingine.

Juu ya nini tunakukumbusha reli hii? Kwa sababu ya binti yako.

Jioni, hapa Ubundu kama kule kwenu, utaona wasichana wakicheza balo bila viatu. Mama anaita: "Weye, maji iko wapi?" Jirani anacheka: "Msichana na balo, atapata bwana?" Lakini siku ingine anaweza kufika mtu mwenye viatu vizuri, na kusema: "Baba, mtoto huyu ana kipaji. Nipe dola kidogo za paspoti, nitamupeleka Ulaya." Baba aliyekataza balo jana, leo anatafuta mtu wa kununua mbuzi yake! Ndugu, ngoja kwanza.

Merveille hakuruka

Merveille Kanjinga ni mshambulizi, binti wa Congo. Alicheza katika ekipe ya wanawake ya TP Mazembe, Lubumbashi. Klabu hiyo mnaijua: ilianzishwa mwaka 1939 na mapadri Wabenediktini, kwa ajili ya vijana. Mwezi wa Novemba 2024, wanawake wa Mazembe walikwenda Morocco kwa kombe la klabu bingwa za Afrika. Siku ya mwisho walikutana na AS FAR, wenye inchi wenyewe. Marlène Kasaj alipiga penalti, balo ikaingia, na mchezo ukaisha 1-0. Lamia Boumehdi, mama aliyewafundisha, akatajwa mwalimu bora wa mpira wa wanawake wa Afrika kwa mwaka 2024.

Januari 2025, Kanjinga akaingia Paris Saint-Germain. Angalia utaratibu: kwanza klabu ya nyumbani, mazoezi ya kila siku, kombe, nyuma yake, Paris.

Kwa jirani zetu Tanzania ni vile vile. Aisha Masaka alichezea Alliance ya Mwanza, kisha Yanga Princess ya Dar es Salaam, akawa mfungaji bora wa ligi ya wanawake. Mwaka 2022, akiwa na miaka 18, alikwenda BK Häcken, kule Göteborg, Sweden. Baridi, luga mpya, na mara nyingi kukaa kwenye benchi. Alivumilia miaka miwili. Julai 2024 Brighton ya Uingereza ikamchukua, akawa Mtanzania wa kwanza katika ligi kubwa ya wanawake ya inchi hiyo.

Sheria inasema nini?

Umeona ile miaka 18? Si bahati tu. Sheria ya FIFA inakataza klabu kumhamisha mchezaji wa chini ya miaka 18 toka inchi moja kwenda ingine. Kuna ruhusa chache, kwa mfano kama wazazi wenyewe wanahamia kule kwa sababu isiyo ya mpira. Basi mtu anayekuambia atampeleka binti yako wa miaka 15 katika klabu ya Ulaya, anakudanganya.

Tena, mchezaji akiwa na kontra, klabu inayomtaka inazungumza na klabu yake na kulipa. Jamaa haiuzi mbuzi ili mtoto anunuliwe! Wakala wa kweli ana leseni ya FIFA, na jina lake linaweza kutafutwa. Akikataa kuonyesha leseni, ao akisema "usimwambie mama yake", funga mlango. Msichana aliyepelekwa mbali bila karatasi, bila ndugu, bila franka ya kurudi, anaweza kufanyiwa mambo mabaya ambayo hayana uhusiano na balo.

Reli bado ni fupi

Tusijidanganye pia kwamba yote ni mazuri. Mwaka 1998 wanawake wa Congo walikuwa wa tatu katika Afrika. Lakini Julai 2025, walipoingia tena katika Kombe la Afrika mara ya kwanza tangu 2012, walishindwa michezo yote mitatu: Senegal, Morocco, Zambia. Kipaji kipo. Kinachokosa ni ekipe za wasichana katika miji midogo, na walimu wa kuwafundisha tangu utoto.

Hapo ndipo kazi yako, mzazi. Gawanya kazi za nyumba: kaka naye anaweza kuteka maji. Mwache binti acheze, na umuulize masomo yake, maana goti linaweza kuvunjika siku moja tu. Mjue mwalimu wake wa balo kwa jina na kwa nyumba. Nenda umtazame akicheza.

Na wewe, dada kijana: usione haya kuanza kwa kidogo. Maporomoko hayapitwi kwa kuruka. Yanazungukwa, kituo kwa kituo.

Maswali ya kuzungumza nyumbani

1. Katika nyumba yetu, nani ana nafasi ya kucheza jioni, na nani hana? Kwa nini?
2. Mtu akija kesho na ahadi ya Ulaya, tutamuomba karatasi gani?
3. Katika mtaa wetu, nani anaweza kufundisha wasichana balo, na sisi tutamsaidia na nini?