Mafuriko yakipita, kichwa na tumbo hubaki vikiuma

Mvua za mwishoni mwa Desemba 2009 ziliujaza Mto Mkondoa, maji yakaikata Reli ya Kati kati ya Kilosa na Gulwe, kipande kinachopita Kidete. Maelfu ya wakazi wa Wilaya ya Kilosa waliuanza mwaka 2010 wakilala kwenye mahema. Taarifa za siku zile zilihesabu nyumba zilizobomoka, tuta la reli lililosombwa na treni za abiria zilizosimama kwa miezi. Waliokuwa wakishtuka usiku kila mvua ikigonga turubai hawakuingia kwenye hesabu hiyo.

Mwaka wowote mvua zikizidi, watu wa Kidete na vijiji vingine vya bondeni hulala sikio moja likiwa nje. Ndiyo maana wiki hii tunazungumzia ugonjwa ambao mara nyingi hauonekani kwenye darubini ya zahanati.

Chukulia mama mmoja wa bondeni, mwenye watoto watatu, ambaye maji yamechukua jiko, kuku na mahindi yote ya ghalani. Miezi miwili baadaye anafika zahanati kwa mara ya tatu. Kichwa kinamgonga, tumbo linawaka moto, moyo unakwenda mbio akiwa amekaa tu. Kipimo cha malaria hakioni kitu. Mkojo safi. Anapewa panadol na kurudi nyumbani. Jirani anamnong'oneza kwamba amelogwa. Mume anasema anadeka. Mchungaji anamwombea, anapata nafuu siku mbili, kisha kichwa kinarudi.

Maumivu ya mama huyu ni ya kweli. Mtu akiwa katika hatari, mwili humwaga homoni za tahadhari, adrenalini na kortisoli, ili aweze kukimbia au kupambana. Moyo unaongeza kasi, misuli ya shingo na mabega inakaza, tumbo linasitisha kazi yake. Kwa dakika chache hali hiyo inaokoa maisha. Ikiendelea kwa wiki na miezi, kwa sababu mawingu bado yapo na ghala bado ni tupu, misuli iliyokaza inazaa maumivu ya kichwa, tumbo linachafuka, usingizi unakatika, na mwenye presha au kisukari anaona vipimo vyake vikipanda ingawa hajaacha dawa.

Kiswahili kilishalijua hili zamani. Mwenye hofu tunasema roho iko juu. Mwenye huzuni ana moyo mzito. Anayehangaika na madeni au msiba, tunasema ana mawazo, na kila mtu anaelewa kwamba hayo si mawazo ya kawaida. Tatizo ni kwamba lugha hii tunaiacha nje ya mlango wa daktari. Ndani tunasema "kichwa" na "tumbo" tu, naye anatibu kichwa na tumbo.

Neno "afya ya akili" lenyewe linachangia kuwatisha watu. Ukimwambia mtu wa Kidete aende kwenye huduma ya afya ya akili, anasikia Mirembe, ile hospitali ya Dodoma, na anaona umemwita kichaa. Lakini wengi wanaohitaji huduma hiyo wanalima, wanapika na wanahudhuria misiba. Wamechoka kwa ndani.

Watu hawa huenda wapi? Utafiti uliofanyika Dar es Salaam na kuchapishwa mwaka 2003 ulilinganisha wagonjwa wa kliniki za kawaida na wale waliokwenda kwa waganga wa jadi. Kliniki, asilimia 24 walikuwa na matatizo ya kawaida ya akili, kama sonona na wasiwasi uliopitiliza. Kwa waganga ilikuwa asilimia 48. Sioni ajabu. Mganga humkalisha mtu chini, humwuliza habari za nyumbani, za ndoa, za ndugu aliyekufa. Zahanati yenye foleni hadi kwenye mwembe haina muda huo.

Mkoa wa Morogoro una historia katika jambo hili ambayo wengi wameisahau. Miaka ya 1980 mpango wa taifa wa afya ya akili ulianza kwa majaribio katika mikoa miwili, Morogoro na Kilimanjaro, kwa msaada wa Shirika la Afya Duniani (WHO) na Denmark. Nia ilikuwa kuitoa huduma kwenye hospitali kubwa na kuipeleka hadi zahanati, wahudumu wa kawaida wafundishwe kuwatambua na kuwatibu wagonjwa karibu na kwao. Vilikuwepo hata vijiji vya kilimo ambako mgonjwa aliendelea na dawa huku akilima, kwa sababu jembe lilionekana kuwa sehemu ya tiba.

Na roho je? Katiba ya WHO, iliyoanza kutumika Aprili 7, 1948, inaieleza afya kuwa ni ustawi kamili wa mwili, akili na maisha ya kijamii, wala si kukosa maradhi tu. Mwaka 1998 bodi tendaji ya shirika hilo ilipendekeza upande wa roho uongezwe, lakini mkutano mkuu haukulipitisha badiliko hilo. Huku kwetu hakuna aliyesubiri mkutano. Nyumba ikianguka, watu wa kwanza kufika mara nyingi ni wa jumuiya, wa msikitini au wa kikoba, wakiwa na unga na blanketi. Sala humpa mtu mahali pa kutua mzigo, na kukusanyika humtoa kwenye upweke, ambao ni sumu kubwa kwa mwenye sonona.

Ila imani isitumike kumvua mgonjwa dawa. Tulishaona mwaka 2011, maelfu ya watu walipopanga foleni ya magari kwenda kijiji cha Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha Mchungaji Ambilikile Mwasapile kwa Sh500. Wapo walioacha dawa za kufubaza virusi vya Ukimwi na za kisukari wakiamini wamepona, na wapo waliofia njiani baada ya kutolewa hospitalini. Kiongozi wa dini anayekuombea na kukuuliza kama umemeza dawa anakusaidia mara mbili. Anayekuambia uzitupe, mkimbie.

Turudi kwa mama yetu. Kwanza apimwe mwili kikamilifu, maana kichwa kinaweza pia kuwa presha, na moyo kwenda mbio kunaweza kuwa upungufu wa damu. Vipimo vikiwa safi, amwambie mhudumu sentensi moja ambayo hajawahi kuisema: "Tangu maji yaingie nyumbani silali." Hiyo inabadilisha matibabu. Kama kwa wiki mbili au zaidi amekuwa na huzuni karibu kila siku, hapendezwi na chochote, hali vizuri na kila kitu kinamchosha, huenda ni sonona. Inatibika kwa mazungumzo na mtaalamu, na wakati mwingine kwa dawa. Zahanati isipokuwa na uwezo, aombe rufaa kwenda hospitali ya wilaya.

Nyumbani, apumzike na kulala saa ileile kila siku, apunguze chai ya rangi na kahawa jioni, atembee au alime hata saa moja, na awe na mtu mmoja wa kuzungumza naye bila kuhukumiwa. Na tusidanganyane: kumwambia mtu asiye na unga "usiwe na mawazo" ni maneno matupu. Mbegu za msimu ujao nazo ni tiba.

Watoto huonyesha tofauti. Aliyekwisha acha kukojoa kitandani anaanza tena. Mwingine anang'ang'ania khanga ya mama, analia mawingu yakikusanyika, au anaumwa tumbo kila asubuhi ya shule. Mzazi, usimchape kikojozi wala usimwanikie godoro ili wenzake wamcheke, maana hofu ndiyo iliyomfikisha hapo na wewe unaiongeza. Mpeleke kwanza apimwe mkojo na sukari. Kisha mrudishe kwenye ratiba: kula, shule, michezo, kulala. Mwambie ukweli kwa lugha yake, kwamba mto ulijaa na mvua zikizidi mtaondoka mapema kwenda mahali pa juu, na umwonyeshe mahali hapo. Akitaka kuchora maji na nyumba iliyoanguka mara ishirini, mwache achore. Wengi hutulia baada ya wiki kadhaa. Mwezi ukipita bila nafuu, au akiacha kula, kucheza na kuongea, arudi kituo cha afya. Namba 116 ya huduma kwa mtoto hupigwa bure.

Mtu yeyote, mkubwa au mdogo, akisema amechoka kuishi, msimjibu kwamba anatafuta huruma. Muulizeni waziwazi kama anafikiria kujiua. Kuuliza hakumpandikizii wazo hilo. Asiachwe peke yake, viuatilifu vya shambani vifungiwe mbali naye, na apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo.

Kwa wenye kifafa, presha, kisukari au wanaotumia dawa za kufubaza virusi: wekeni dawa na kadi ya kliniki kwenye mfuko wa nailoni uliofungwa vizuri, mahali pa juu, kabla masika hayajaanza. Maji yakizichukua, nenda kituo chochote cha afya kilicho karibu, hata kama si chako, na useme dawa unayotumia. Dawa ya kifafa ikikatika ghafla, hata kwa siku chache, degedege hurudi kwa nguvu.